Mlinzi wa Saa ya Magharibi

Kitu cha kwanza alichokiona Saadiya ni kwamba vyombo havikusimama. Adhana ya Magharibi ilisikika, vijana sita wakainuka, viti vya plastiki vikaburuzwa sakafuni, kandambili zikatoka mlangoni moja baada ya nyengine, na chumba kikabaki kitupu. Yeye akaingia na fagio lake kama kila jioni. Lakini katika skrini zote sita za kompyuta vyombo vya mchezo viliendelea kuelea katika kiza cha anga, taa zao za kijani zikiwaka na kuzimika, na kutoka pembeni vyombo vyekundu vya watu wengine vilikuja taratibu, bila ya haraka, kama wezi wanaojua kwamba mwenye nyumba kasafiri.

Alisimama akatazama. Chombo cha kwanza kilipigwa kikapasuka. Cha pili kikafuata. Vijana waliporudi kutoka msikitini vyote sita vilikuwa vimekwisha, na Saadiya alikuwa amesharudi nyuma ya pazia lililotenga chumba na ndani ya nyumba.

"Washatumaliza tena!" Sabri alipiga ukelele. "Kila siku Magharibi! Hawa watu hawana dini?"

"Dini wanayo, ila kwao jua bado liko juu," alijibu Simai, aliyekuwa mkubwa wao. "Unadhani dunia nzima inaadhiniwa na msikiti wa kwetu?"

"Basi watusubiri."

"Wakusubiri wewe nani, yakhe? Mchezo huu hausimamishwi. Ukiinuka, umeinuka."

Chumba hicho kilikuwa chini ya nyumba ya mzee Abdulrazak, katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuze bega. Zamani mzee alikuwa akitoa fotokopi. Kazi ilipopungua alinunua kompyuta kuukuu, akaziunganisha kwa nyaya, na vijana wakawa wanakuja kucheza tangu Alasiri mpaka Isha. Mchezo wao ulikuwa mmoja tu, vita vya angani. Kila mtu anaongoza chombo chake, sita kwa sita, wanapigana papo kwa papo na watu wa nchi za mbali ambao hawajapata kuwaona. Kwa ada ya chumba hicho waliishi watu watatu: mzee mwenyewe, mkewe Bi Mayasa, na Saadiya, mtoto wa mke wa kwanza, ambaye Mungu alikuwa amemchukua.

Saadiya alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la tano. Aliona haya hata ya kivuli chake. Mgeni akipiga hodi huitikia "Naam" akiwa nyuma ya pazia, kisha hungoja mgeni aseme tena, na mgeni naye hungoja afunguliwe. Hakupenda kuingia chumbani kukiwa na wanaume, kwa hivyo alifagia wakati wa sala. Siku nyingi alisali kwanza juu, akashuka mbio, akapata kufagia nusu ya chumba kabla hawajarudi. Lakini kila mwezi mwanamke ana siku ambazo hasali. Siku hizo Saadiya alikuwa na chumba kizima peke yake, tangu adhana mpaka kandambili zisikike tena mlangoni.

* * *

Alijifunza bila ya kufunzwa. Miaka miwili alikuwa nyuma ya pazia lile akikosha vikombe, na miaka miwili vijana walikuwa wakipiga kelele: ngao imetoboka, nipe mafuta, geuka kushoto, we Sabri kipofu nini, geuka! Maandishi ya Kiingereza hakuyaweza. Ila rangi alizijua, na vidole vya Simai alikuwa amevitazama kupitia upenyo wa pazia mpaka akajua kila kimoja kinagusa wapi.

Siku ya kwanza aliyogusa, hakukaa kitini. Aliliegemeza fagio ukutani, akakisogeza chombo kimoja tu nyuma ya sayari kubwa ya kijivu, ambako vyombo vyekundu visingekiona. Kisha akaenda kwenye mashine ya pili, akakisogeza na hicho. Alikwenda kiti kwa kiti kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza, hachagui ya nani, anazoa zote. Cha mwisho kilikuwa chombo cha mafuta. Hicho hakikuwa na bunduki. Kazi yake ilikuwa kuwatilia wenzake mafuta na kuziba ngao zao zilizotoboka. Vijana hawakukipenda na walimwachia aliyechelewa. Saadiya alikipenda mara moja. Alikizungusha katikati ya wenzake, akaziba hapa, akatia pale. Hakufyatua hata risasi moja.

Waliporudi, Sabri alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Vizima," alisema. "Simai, njoo uone. Vizima vyote, na ngao zimejaa."

"Labda hawa mabwana leo wamesilimu."

"Wallahi mimi chombo changu nilikiacha huku, sikukiacha kule."

"Jini, basi. Nyumba za zamani hizi zina majini."

"Jini gani anajua kuziba ngao?"

"Jini wa mjini," alisema Simai, na wote wakacheka. Nyuma ya pazia Saadiya alijifunika mdomo kwa kanga. Hakuna aliyemfikiria. Kwao yeye alikuwa ni sauti ya fagio tu.

Ikawa hivyo mwezi ule, na mwezi uliofuata, na wa tatu. Siku kadhaa vyombo hukutwa vizima, kisha hurudi kupigwa kama kawaida. Sabri, aliyekuwa akisomea hesabu chuoni na hawezi kuona jambo bila ya kuliandika, alinunua daftari. Watu wa mbali nao walianza kuuliza. Jioni moja waliandika katika skrini, na Sabri akawafasiria wenzake: "Wanasema, huyo mtu wenu anayeingia jua likizama ni nani? Hapigi, lakini hakamatiki."

Saadiya aliyasikia maneno hayo akikosha kikombe. Alikikosha kikombe hicho muda mrefu sana.

* * *

Mwezi wa nne, Bi Mayasa alikuwa amekwenda kwenye hitima ya jamaa yake Kikwajuni. Adhana iliadhiniwa, wanaume wakatoka, mzee Abdulrazak akiwa nao. Alipofika msikitini akajipapasa kichwani: kofia ameisahau juu ya meza. Akarudi.

Alimkuta bintiye katikati ya mashine. Kanga ilikuwa imemwangukia mabegani, anaruka kiti hiki na kiti kile, na anasema. Hilo ndilo lililomshitua mzee zaidi, kwamba anasema, tena kwa sauti: "Rudi, rudi, we wa kushoto rudi, hapo utapigwa, haya, njoo kwangu." Mzee hakumbuki kama aliwahi kuisikia sauti hiyo ndani ya nyumba yake. Aliichukua kofia, akarudi msikitini. Alisali, lakini baadae hakuweza kusema imamu alisoma sura gani.

Aliporudi, vijana sita walikuwa nyuma yake. Hakungoja waondoke.

"Saadiya!"

"Naam, Baba."

"Toka nje ya pazia."

Alitoka. Alisimama karibu na ukuta, macho yake chini, kwenye kandambili za wanaume.

"Nnakuuliza mbele ya watu hawa, kwa sababu nimekuona. Umesali Magharibi?"

Saadiya angesema amesali, angekuwa amesema uongo juu ya sala, na hilo hakuliweza. Angesema kwa nini hakusali, mbele ya wanaume sita na baba yake, bora ardhi ipasuke. Yalikuwepo maneno mawili tu ambayo yangemwokoa, na hayo ndiyo asiyoweza kuyatamka.

"Sikusali, Baba."

"Hukusali." Mzee alitikisa kichwa polepole. "Watu wanakwenda msikitini, wewe unacheza."

"Mzee Razak," alianza Simai, "labda—"

"Hapana labda. Nilidhani chumba hichi kinatulisha, kumbe kinamla mwanangu. Kesho asubuhi namwita Bakar wa Darajani, aje azibebe mashine hizi. Na wewe, Saadiya, usiingie tena humu. Wala kufagia."

Aliwatazama vijana wale sita mara moja tena, kisha akapanda ngazi. Nyuma yake alisikia kiti kimoja kikiburuzwa, na Simai akisema kwa sauti ndogo, "Twendeni, jamani. Twendeni tu."

Bi Mayasa aliporudi aliikuta nyumba kimya. "Muulize mwanao," ndilo jibu pekee alilopewa na mumewe. Alimwuliza. Saadiya alilia, hakujibu. Miaka mitatu walikuwa wakiishi pamoja kwa wema na heshima, lakini mambo ya ndani ya mwili hawajapata kuyazungumza. Kila mmoja alianika vitambaa vyake kwenye kamba yake, chini ya kanga, na huo ndio uliokuwa mpaka. Tena Saadiya mwenyewe hakuwa na hakika kama hana kosa. Kutosali alikuwa na ruhusa. Lakini kucheza watu wakisali, na kufurahi kiasi kile? Hilo hakujua linaitwaje.

Bi Mayasa alikuwa mtu wa kuuliza mara moja. Alimwekea chai na kipande cha mkate wa ufuta, akamwacha.

* * *

Bakar alikuja saa nne, na jasho lake na maneno yake. Aliuza na kununua vitu vilivyotumika, na alikuwa na ufundi wa kukifanya kila kitu kionekane takataka kabla ya kutaja bei.

"Hii, mzee, kaiwekeni makumbusho," alisema akigonga mashine ya kwanza. "Na hii hata mende keshahama. Hii ya sita... hii inawaka kweli?"

"Inawaka," alisema mzee Abdulrazak. "Inachelewa tu."

"Hata mimi nnachelewa, lakini hakuna anayeninunua."

Vijana nao walikuwa wamekuja, wote sita, ingawa ilikuwa asubuhi na wengine walipaswa kuwa kazini. Walimpa mzee shikamoo kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani. Mzee aliitika marahaba bila ya kuinua uso. Saadiya alikuwa uwani anafua, na kila neno alilisikia. Bi Mayasa alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya juisi ya ukwaju, anangoja pa kuingilia.

"Mzee, nipe ruhusa niseme kitu kimoja," alisema Sabri. Alikuwa na daftari lake. "Sisi hatuna haki ya kuingilia mambo yako na mwanao. Lakini usidhani alikuwa anacheza ovyo. Mimi nimeandika kila kitu. Huyu ndiye aliyetulinda. Tazama."

"Sitaki kutazama."

"Basi nitasoma. Kila Magharibi tunapigwa, tunapoteza vyombo vyote. Kila siku! Isipokuwa mwezi huu siku nne, mpaka jana. Mwezi uliopita, siku sita mfululizo. Mwezi wa kabla yake, siku sita. Na wa kabla yake, siku tano. Baina yake, karibu siku ishirini na mbili tunapigwa, kisha anarudi. Inakwenda sawasawa, mzee, kama mwandamo wa mwezi! Mimi nasomea hesabu na nimeshindwa kujua ni kanuni gani."

Nyuma ya pazia sinia ilitikisika, bilauri zikagongana.

"Baba Saadiya," aliita Bi Mayasa. "Njoo mara moja."

"Nna watu."

"Njoo."

Alikwenda. Bi Mayasa alimwashiria Saadiya apande juu, na Saadiya akapanda ngazi tatu tu, akasimama.

"Umemwuliza mtoto kama amesali, mbele ya wanaume sita," alisema Bi Mayasa.

"Kuuliza sala nako kuna siri?"

"Mimi mkeo. Katika mwezi kuna siku unaniona juu ya mswala, na kuna siku hunioni. Hujapata kuniuliza hata mara moja. Kwa nini huniulizi?"

Mzee Abdulrazak alitazama mlangoni, ambako Sabri alikuwa bado anafafanua hesabu zake, halafu akatazama kamba ya nguo, halafu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Yule ni mtoto," alisema.

"Ana miaka kumi na tisa."

"Yarabi." Alijishika kichwa, na kofia ikapinda. "Mbele za watu, Mayasa."

"Mbele za watu," aliitikia mkewe, na hakumsaidia zaidi ya hapo.

Aliporudi chumbani uso wake ulikuwa mwengine. "Mashine haziuzwi," alisema.

"Mzee!" Bakar aliruka. "Umenitoa Darajani na jua lote hili!"

"Utakunywa juisi, kisha utarudi na jua hilo hilo. Nisamehe."

"Lakini imekuwaje?" aliuliza Sabri. "Ni hesabu zangu?"

Simai, ambaye alikuwa ameoa na ana watoto wawili wa kike, alikuwa amemtazama mzee akitoka na akamtazama akirudi. Alimsogelea Sabri.

"Funga daftari."

"Mbona? Kuna na mwezi wa—"

"Sabri. Una dada wangapi?"

"Wanne."

"Wanne! Na hesabu unasomea! Basi funga daftari, yakhe, na usilifungue tena mpaka unaingia kaburini."

Sabri aliangalia daftari. Wekundu ulianza shingoni ukapanda mpaka masikioni. Alilifunga, akalikalia.

* * *

Siku tatu mzee Abdulrazak alikuwa chini ya meza ya zamani ya fotokopi, upande wa ndani wa pazia. Aliifungua ile mashine iliyokuwa ikichelewa, akatoa hiki akatia kile, akapitisha waya ukutani. Siku ya tatu Saadiya alikuwa akipita na ndoo, akamwona baba yake miguu tu.

"Saadiya."

"Naam."

"Nipe hiyo bisibisi."

Akampa. Mkono uliipokea, lakini haukurudi chini ya meza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Naam, Baba."

"Baada ya Alasiri kazi zako zikisha, kaa hapa. Kile chombo cha mafuta hakina mtu, vijana wamekubali kupokezana zile mashine tano." Alikohoa. "Mimi sikijui, lakini wanasema wewe unakijua."

Simai naye alileta utaratibu mpya, na aliutoa kama amri ya jeshi. Kuanzia siku hiyo, ikibaki dakika tano adhana, hakuna kupigana. Kila mtu anakipeleka chombo chake nyuma ya sayari ya kijivu, wanavikusanya, wanaziba ngao, kisha wanatoka pamoja kwenda kusali. Saadiya naye anainuka, awe anakwenda kwenye mswala au hendi; hapana wa kujua na hapana wa kuuliza.

"Mbona hatukufanya hivi tangu mwanzo?" aliuliza kijana mmoja.

"Kwa sababu tulikuwa wapumbavu," alisema Simai, "na aliyekuwa na akili hatukumwuliza."

Walipigwa siku moja moja, kama watu wote. Lakini siku nyingi walirudi wakakuta vizima. Na alasiri, vita vikipamba moto, walilisemesha pazia kwa adabu ambayo hawakupeana wenyewe kwa wenyewe. "Bi Nahodha, ngao yangu, tafadhali." "Bi Nahodha, usimpe Sabri, Sabri anamwaga tu." Jibu halikuja kwa sauti. Lilikuja katika skrini, chombo kidogo kinatokea kizani kinawajia ubavuni, ngao zinajaa, na kijana aliyekuwa karibu kufa anapumua.

Ijumaa moja, wanaume walipokuwa msikitini, Bi Mayasa na Saadiya walikuwa uwani wanachagua mchele, ungo mmoja katikati yao. Waliutazama mchele, jambo ambalo hurahisisha maneno.

"Siku ile," alisema Bi Mayasa, "ungeniambia mimi. Ningekwenda kumwambia usiku ule ule, ukalala."

"Nisingeweza kusema mpaka kufa kwangu. Ahsante kwa kunisemea."

"Mimi sikusema. Kijana kasema, na daftari lake, Mungu amjaalie." Bi Mayasa alianza kucheka, bega likamtikisika, chuya zikamponyoka. "Kama mwandamo wa mwezi! Maskini ya Mungu, na dada wanne!"

Saadiya alicheka naye, kwanza kwa kanga mdomoni, kisha akaiachia kanga. Walipomaliza kucheka alitoa kijiwe katika mchele, akakishika baina ya vidole viwili, hakukitupa.

"Bi Mayasa."

"Mwanangu."

"Nilikuwa nazisubiri siku zile. Wenzangu wote huzichukia, mimi nilikuwa nazihesabu kama watoto wanavyohesabu Idi. Tumbo likianza kuuma tu, nashukuru." Hakuinamisha uso. "Kwa sababu ndizo siku nilizokuwa natakiwa na watu."